Moshi Mweusi Si Nguvu

Nataka kusema machache katika gazeti letu la muhula huu juu ya jambo ambalo kila mkaaji wa milima hii huliona kila siku, lakini ni wachache wanaokaa na kulifikiri. Jambo lenyewe ni magari madogo ya dizeli, yaani zile pikapu zinazobeba viazi, mbao, mbolea na maziwa, na hata sisi wanafunzi wakati wa kufungua na kufunga shule. Maoni yangu ni haya: magari hayo tunayatumia katika nchi ya juu kana kwamba tuko pwani, na hasara yake twailipa kwa fedha, kwa afya, na mara nyingine kwa viungo vya miili yetu. Nitajaribu kuonyesha sababu, kisha nitasema lifanywe nini. Asiyekubaliana nami na aandike katika toleo lijalo; ndiyo faida ya kuwa na gazeti.

Kwa msomaji asiyeijua nchi ya Makete, nitaieleza kwanza. Mtu aliyeko Chimala, katika bonde la Usangu, yuko mahali palipo mita 1,000 na zaidi kidogo juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara ya kwenda Matamba huukwea mlima kwa kona 57, na ndiyo sababu watu wameiita Hamsini na Saba. Akiisha kupita Matamba na kuendelea mpaka uwanda wa Kitulo, atakuwa amefika mita 2,600 hivi. Na kilele cha Mtorwi, ambacho hakiko mbali, kina mita 2,961. Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na wageni huja kutazama maua yake mengi, hata pakaitwa Bustani ya Mungu. Lakini mgeni hutazama maua. Mwenyeji hutazama kama gari litafika. Viazi vyetu hulimwa mabondeni na miteremkoni, mahali ambapo lori kubwa haliwezi kuingia wakati wa mvua. Pikapu ndiyo inayokwenda mpaka ukingoni mwa shamba na kuyatoa magunia hadi barabara kubwa. Bila pikapu mkulima hana soko, na bila soko wengi wetu tusingekuwa na karo wala sare. Kwa hiyo sisemi neno la kuyadharau magari haya. Nayasema kwa sababu twayategemea.

Sasa tutazame hewa. Katika somo la Fizikia twafundishwa kwamba hewa ina uzito, na kwamba kadiri mtu apandavyo juu ndivyo hewa inavyopungua kanieneo na kuwa nyepesi. Jambo hili wapishi wa shule yetu walilijua kabla yetu, maana maharage hapa hayaivi upesi kama yaivavyo Dar es Salaam. Tulipopima maji yanayochemka katika maabara, kipimajoto kilisimama kwenye nyuzi 93, wala hakikufika 100. Kitulo maji huchemka kwa nyuzi 91 hivi. Meta moja ya ujazo ya hewa ya pwani ina uzito wa kilo 1.2 kwa makadirio. Ile ya Kitulo haizidi sana gramu 900. Yaani robo nzima ya hewa imetoweka. Binadamu anayetoka pwani huiona robo hiyo anapopanda kilima akihema. Injini nayo huhema, ila yenyewe haina mdomo wa kusema.

Injini ya dizeli ni kazi ya akili ya Mjerumani aitwaye Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofanikiwa ilipimwa mwaka 1897. Tofauti yake na injini ya petroli ni kwamba haina cheche ya kuwasha mafuta. Huvuta hewa tupu ndani ya silinda, huibana kwa nguvu, hewa hupata moto wa nyuzi 500 na zaidi, kisha pampu husukuma dizeli kupitia nozo, nayo hushika moto yenyewe kwa joto la hewa ile. Katika injini ya petroli mguu wa dereva hufungua mlango wa hewa. Katika dizeli za zamani, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, mlango wa hewa haupo. Injini huvuta hewa yote inayoweza kuvuta, na mguu wa dereva hufungua mafuta tu. Msomaji na alikumbuke neno hili, maana ndilo shina la maneno yangu yote: dereva hutawala mafuta, bali hewa hutawaliwa na mlima.

Tufanye hesabu, kama tulivyozoea darasani. Pikapu nyingi tunazoziona hapa zina injini ya lita 2.8 isiyo na taboo, yaani isiyo na kile kifaa cha kusukuma hewa. Injini hiyo ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta lita 2.8 za hewa kwa kila mizunguko miwili. Basi kwa dakika moja huvuta lita 2,800, ambazo ni meta 2.8 za ujazo. Pwani hewa hiyo ina uzito wa kilo 3.36, Kitulo ni kilo 2.52 tu. Kilo moja ya dizeli huhitaji hewa ya kilo 14.5 hivi ili iungue yote. Gawanya: pwani injini yaweza kuunguza gramu 230 za dizeli kwa dakika, na Kitulo gramu 174. Hesabu hii ni ya ubaoni, kwani injini ya kweli haijazi silinda barabara, tena huhitaji hewa ya ziada ili iungue bila moshi. Lakini uwiano ni ule ule. Injini iliyokuwa na nguvu za farasi 90 pwani, huku juu hubaki na 70 hivi. Farasi ishirini wamebaki bondeni, na hakuna fundi awezaye kuwaleta kwa bisibisi.

Hapo ndipo penye kosa letu la kwanza. Dereva aonapo gari limelegea mlimani, humwendea fundi na kumwambia, "Nifungulie pampu." Fundi huzungusha skrubu, pampu ikaanza kutoa mafuta mengi zaidi, na gari likatoka gereji likifuka moshi mweusi. Vijana walioko kando ya barabara hushangilia na kusema, "Hiyo inavuta!" Nami nauliza, inavuta nini? Kilichopungua ni hewa, siyo mafuta. Kumwongezea mafuta mtu aliyekosa hewa ni sawa na kumlisha ugali mtu anayehema. Ule moshi mweusi ni masizi, yaani kaboni ya dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Mwenye gari ameinunua kituoni kwa fedha yake, ameipandisha mlimani, kisha ameitupa angani mbele ya macho ya watu.

Ningekuwa mwongo nikisema kwamba kufungua pampu hakuongezi nguvu hata kidogo. Katika gari ambalo pampu yake ilikuwa imebanwa kupita kiasi, nguvu kidogo huongezeka, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Lakini gharama yake huja baadaye. Dizeli inayochelewa kuungua huendelea kuwaka wakati pistoni inashuka, na joto la ekzosi hupanda mno. Pistoni zaweza kupasuka au kuyeyuka juu, gasketi ikaungua, kichwa cha injini kikapinda. Mafuta mengine yasiyoungua huteleza kandokando ya pistoni na kuingia katika oili, nayo oili ikawa nyepesi na kushindwa kulinda vyuma. Nayo maji ya rejeta, kama kofia yake imelegea, huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa sababu ile ile ya maharage yetu. Baba yangu mdogo, ambaye ni dereva wa miaka mingi, aliniambia kwamba injini hufa mlimani lakini huzikwa gereji, na fundi wa pampu ndiye anayeshindilia udongo. Alisema kwa mzaha, lakini nimeona ni kweli.

Tena moshi huo haupotei bure. Sisi wanafunzi twatembea kando ya barabara hizo, na mahali pa mlima mkali gari huenda pole kuliko mtu, hata tukalazimika kusimama na kufunika pua kwa sweta. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana hakika kwamba huleta saratani kwa binadamu. Basi mwenye gari anapojivunia moshi wake, na akumbuke watoto walioko nyuma yake.

Kosa la pili halitoki gereji, hutoka shambani, nalo ni lumbesa. Kila mkulima analijua neno hili. Sheria ya vipimo yataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi hulijaza, kisha hulishonea kilemba juu, na kulipa bei ya gunia moja. Mara nyingi twailalamikia lumbesa kwa sababu humwibia mkulima, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini sijasikia watu wakisema kwamba lumbesa huua magari pia. Dereva hulipwa kwa gunia, wala hahesabu kilo. Siku moja nilihesabu magunia 16 katika pikapu moja iliyokuwa ikitoka shambani. Tuseme kila gunia limezidi kwa kilo 30 tu. Basi yale magunia 16 hayakuwa kilo 1,600, yalikuwa kilo 2,080. Na gari lenyewe limeundwa kubeba tani moja. Juu ya magunia walikaa utingo wawili na akina mama watatu. Kwa hiyo tazama: nguvu ya injini imepungua kwa robo, mzigo umezidi mara mbili, na fundi ameambiwa afungue pampu ili mambo hayo mawili yapatane. Hayawezi kupatana. Mwenye lumbesa amepata faida, na waliobaki wote wamegawana hasara.

Kosa la tatu ndilo la hatari kuliko yote, nalo ni la kuteremka. Watu hufikiri kwamba taabu ya mlima ni kupanda. Mimi nasema kupanda hula fedha, bali kuteremka hula watu. Madereva wengine, ili wafidie dizeli waliyoichoma wakati wa kupanda, huteremka kwa kuweka gia katikati, na wako hata wanaozima injini kabisa. Tufikiri ni nini kinachotokea. Breki za pikapu nyingi husaidiwa na pampu ndogo inayozungushwa na injini, ambayo huvuta hewa kutoka katika chombo cha duara kilichoko mbele ya kanyagio la breki. Kanieneo ya hewa ya nje ndiyo inayosukuma chombo hicho na kuusaidia mguu wa dereva. Huku juu kanieneo ya hewa ya nje imepungua kwa zaidi ya robo, kwa hiyo hata gari zima lisilo na kasoro lina msaada mdogo kuliko pwani, na dereva hana budi kukanyaga kwa nguvu zaidi. Akizima injini, msaada ule hubaki wa kukanyaga mara mbili au tatu, kisha huisha kabisa. Na hapo ana tani mbili za viazi mgongoni na kona kadhaa mbele yake.

Hata asipozima injini, akiteremka bila gia breki hubeba kazi yote peke yake. Hupata moto, vifuniko vyake vikanuka, mafuta ya breki yakachemka, na kanyagio likazama mpaka chini bila gari kusimama. Mwaka juzi pikapu moja iliyokuwa imebeba viazi na abiria ilishindwa kusimama namna hiyo katika mteremko ulio karibu na kijiji chetu, ikagonga ukingo wa mlima. Ni bahati kwamba ulikuwa upande wa mlima, kwani upande wa pili ni korongo. Hakufa mtu, lakini mama mmoja, jirani yetu, hatembei sawasawa mpaka leo, na shamba lake hulimwa na watoto wake. Viazi vyote vya safari ile havikufikia bei ya matibabu yake. Jambo hili silisemi ili nimhukumu dereva yule. Nalisema kwa sababu sababu zake zilijulikana siku zote, na kila mmoja alikuwa amezizoea.

Najua nitakayojibiwa. Wengine watasema, "Maneno ya shule ni rahisi, bila kufungua pampu gari halipandi." Nawajibu kwamba gari hupanda, ila hupanda kwa gia ya chini na kwa mzigo wake halali. Injini hupata hewa nyingi zaidi kwa dakika ikizunguka upesi kuliko ikilazimishwa kuvuta kwa gia kubwa huku inatetemeka. Dereva mwema husikiliza mlio, hushusha gia kabla gari halijachoka, na huondoa mguu kidogo aonapo moshi, maana mafuta yaliyo nyuma ya moshi huo hayampi kitu. Tena kabla ya kugusa pampu, na vitazamwe vitu vya bei ndogo. Chujio la hewa lililojaa vumbi la kiangazi huipokonya injini hata ile hewa kidogo iliyobaki. Nozo iliyochakaa hudondosha dizeli badala ya kuinyunyiza kama ukungu. Plagi za moto, zile ambazo mafundi huziita hita, zikifa, gari haliwaki asubuhi za Juni na Julai wakati nyasi zina barafu. Watu hulisukuma nusu saa, na likiwaka hutoa moshi mweupe unaochoma macho. Vitu hivi vyote ni nafuu kuliko injini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wengine watasema, "Mizigo midogo ni safari nyingi, na safari nyingi ni dizeli nyingi." Neno hili lina uzito, nami sitalipuuza. Ni kweli kwamba safari mbili za tani moja zitakula dizeli kuliko safari moja ya tani mbili. Lakini katika hesabu hiyo na tuitie bei ya springi zilizokatika, tairi zilizopasuka, klachi iliyoungua, na siku ambazo gari limelala gereji huku viazi vinaota au kuoza ukingoni mwa shamba. Mwaka jana magunia sita ya mama yangu yalikaa siku nne kando ya njia katika mvua, kwa sababu gari tulilolikodi lilikuwa limeungua gasketi likiwa na mzigo wa mtu mwingine. Tulipata bei ya magunia mawili. Hiyo nayo ni gharama ya mzigo mkubwa, ingawa dereva hakuiandika katika daftari lake.

Wako pia watakaosema, "Dawa yake ni kununua magari mapya yenye taboo." Hao wamekaribia ukweli. Taboo ilibuniwa na Mswisi Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi wa ekzosi, nalo huzungusha gurudumu jingine linaloisukuma hewa ndani ya injini. Basi hewa inapokuwa nyepesi, taboo huweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kurudisha sehemu kubwa ya hewa iliyopotea. Mpaka hapo ni habari njema, na mtu mwenye uwezo wa kuchagua, akiwa anakaa huku, na achague gari lenye taboo. Lakini taboo si uchawi. Huzunguka mara makumi ya maelfu kwa dakika, na uhai wake ni oili safi. Dereva aliyefika kileleni akazima injini hapo hapo, oili hukauka katika chuma chenye moto mkali na kuziba. Yampasa aiache injini inguruma pole dakika mbili au tatu kwanza. Na yale magari mapya yanayopima hewa kwa kompyuta na kupunguza mafuta yenyewe yanahitaji dizeli safi na fundi aliyesoma. Dizeli ya madumu iliyochanganyika na maji huua nozo zake kwa muda mfupi, na nozo hizo si za bei ya viazi. Kwa hiyo gari jipya mikononi mwa desturi za zamani ni hasara mpya. Tubadili desturi kwanza.

Basi lifanywe nini? Nitataja mambo matano.

Kwanza, wenye magari waache kuagiza pampu ifunguliwe. Gari linaloishi huku juu na lipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia pampu, aweke mafuta kwa kadiri ya hewa ya hapa, hata kama ni kupunguza. Pampu nyingine zina kifaa chao cha kupunguza mafuta mahali pa juu. Kisitolewe na kutupwa, kama wafanyavyo wengine wakidhani kimeharibika.

Pili, wakulima na serikali za vijiji wasimamie kilo 100 kwa gunia. Mizani moja ya kijiji penye njia ya kutokea shambani ingemlinda mkulima, na gari, na abiria, yote kwa mara moja. Najua kwamba mkulima mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi huhamia kwa jirani. Ndiyo sababu nasema vijiji, sisemi mtu mmoja.

Tatu, gia inayotumika kupanda mlima ndiyo itumike kuushuka. Anayeteremka kwa gia ya katikati, au akiwa amezima injini, abiria wana haki ya kumwomba asimame washuke. Wazazi wetu wasione haya kusema. Heshima kwa dereva ni jambo jema, lakini hakuna heshima inayodai uhai wa mtu.

Nne, abiria wasipandishwe juu ya magunia. Hili halihitaji maelezo.

Tano, nasema na walimu wangu kwa adabu. Kanieneo ya hewa twaisoma kwa kuchora vipimahewa vya zebaki ambavyo wengi wetu hatujaviona, na mtihani ukiisha twasahau. Kumbe somo hilo limeegeshwa nje ya geti letu kila siku ya soko. Klabu ya sayansi ingeweza kupima joto la maji yanayochemka hapa shuleni, kisha bondeni, kisha Kitulo, na kuandika hesabu za injini kama nilivyojaribu mimi. Mafundi na madereva wangeweza kualikwa waje kusema nasi, maana wanajua mengi yasiyomo vitabuni. Na wale miongoni mwetu watakaokwenda vyuo vya VETA wangekwenda wakiwa wameelewa kwa nini skrubu ya pampu haipaswi kuguswa ovyo.

Labda mzazi atakayesoma maneno haya atasema kwamba mtoto wa miaka kumi na saba, ambaye hana hata leseni, hana haki ya kuwafundisha watu waliozaliwa na kuzeeka katika milima hii. Namwomba radhi, wala sidai kwamba najua kuendesha. Akina baba waliopanda zile kona 57 usiku, katika ukungu, wakiwa na matope mpaka magotini, wanajua kazi ambayo mimi sijui. Lakini barabara ile haijali umri wa msemaji, na hewa haiongezeki kwa sababu mtu ni mzee. Elimu tuliyopelekwa shuleni kuitafuta ililipiwa kwa viazi hivyo hivyo vilivyobebwa na pikapu hizo hizo. Ingekuwa aibu kuipata na kukaa nayo kimya mpaka mtihani wa taifa, kisha kuondoka.

Nasi wanafunzi tunayo kazi yetu. Mwisho wa muhula huu wengi wetu tutapanda magari hayo kurudi nyumbani. Tutazame kabla ya kupanda. Tukiona mzigo umezidi, tungoje jingine. Tukisikia injini imezimwa katika mteremko, tuseme kwa sauti. Na tukiona gari linafuka moshi mweusi, tusilishangilie. Tumwambie utingo, kwa upole, kwamba fedha ya tajiri wake inapita hewani, na kwamba gari linaomba kupunguziwa mzigo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne